Mjane Ana Neno?

Dereva wa bajaji alinishusha penye matope, akaniambia Mtoni ndiyo hii, niulize mbele. Nilikuwa njiani kwenda uwanja wa ndege, begi mgongoni, nikakata kona kuingia mtaa nisioujua kwa sababu ya maneno ya rafiki: kuna fundi cherehani huku anafundisha watoto kusema mbele ya watu. Nimepita miji mingi na kusikia watoto wakihutubia kwa lugha kadhaa. Wa kufundishwa na fundi cherehani sikuwahi kuwaona.

Sauti ndiyo iliyonielekeza. "Shemeji, ukoo umeshaamua. Mtoto ni wetu."

Barazani, mwenye sauti hiyo, msichana anayeitwa Blessing, alikuwa amekalia kiti peke yake, amevaa koti la kiume lililomfika magotini, akiigiza mzee wa ukoo. Watoto wenzake walijaa mkekani. Mbele yao alisimama mwanamke mzima, tepu ya kupimia shingoni, anatazama watoto, anatazama barabara, anarudi kwa watoto.

"Shikamoo," walinisalimia kwa pamoja.

"Karibu, mgeni," alisema mwanamke. "Utanisamehe, nina safari."

Huyo ndiye Tupokigwe, au Mama Tekla. Alinieleza huku akikunja sare zilizobaki mezani, akizikunjua, akizikunja tena. Mumewe Brightson alizikwa kwao Tukuyu mvua zilipoanza. Baada ya mazishi ukoo ulikaa, na shemeji yake mkubwa, Wilfred, akatangaza kwamba Tekla, mtoto wao wa pekee, atalelewa huko kwa baba zake. Kisha, kama ilivyo desturi, wakamgeukia: mjane ana neno? Mjane mwenye adabu hujibu, "Sina neno, nawashukuru."

"Nikajibu hivyohivyo," alisema. "Mie, ninayefundisha watoto wa mtaa mzima."

Keshokutwa ukoo unakaa tena kumaliza msiba. Baada ya hapo hakuna kikao kingine. Basi lake linaondoka stendi ya Mbezi jioni hii.

Tekla mwenyewe alikuwa kizingitini, amepakata begi la shule. Mama yake alikuwa amekataa kumfungia nguo zaidi ya ile ya kubadili, maana alitaka arudi naye.

Darasa lenyewe lilianzia kwenye shati. Mtoto mmoja alipimwa sare, akaulizwa kama panabana, akasema hapana, kwa kuwa mkubwa habishiwi. Wiki nzima alikwenda shule shingo imekabwa na kola. Tangu hapo Tupokigwe hampi mtoto sare mpaka asimame mbele ya wenzake aseme kwa sauti wapi panabana. Wakazoea, wakaanza kuja hata wasiokuwa na sare ya kushonwa.

Jirani, mzee Fakihi, alichungulia juu ya ukuta. "Mama Tekla, mjukuu wangu jana kanihoji kwa nini nameza dawa bila kula."

"Ukamjibu nini?"

"Nikala."

Watoto walicheka. Tupokigwe hakucheka. Alikuwa amesikia bajaji, ikapita.

"Tuanze upya," alisema, akajiweka sawa. "Naushukuru ukoo. Nawashukuru wazee wangu, nalishukuru kanisa, nawashukuru majirani waliopika, nawashukuru na..."

Blessing aliangusha kichwa kifuani, akakoroma.

"We Blessing."

"Ticha, umeshukuru mpaka wazee wamelala. Wakiamka, Tekla keshapewa kitanda Tukuyu."

Akaanza tena. Safari hii Blessing alimkatiza kwa sauti nzito: "Mwanamke, punguza sauti."

"Samahani, shemeji."

Mkeka wote ukaguna. "Samahani ya nini?" Blessing alisema. "Si ulitufundisha mwenyewe? Ukikatizwa unanyamaza, unamtazama, unaendelea ulipoishia."

Nimesikia wakisema watoto wafundishwe kuhutubia ili wawe mawakili, wawe wabunge. Pale barazani niliona faida iliyo karibu zaidi na mwili: kola isiyobana, babu aliyekula. Na bado sikujua kama ingefika Tukuyu.

Bajaji ilisimama, dereva akapiga honi. Tupokigwe akachukua mkoba, akauweka chini, akauchukua. Hapo Tekla akainuka kizingitini.

"Mjane ana neno?" aliuliza.

Mama yake alitundika mkoba begani.

"Ninalo. Tekla anakaa na mie. Likizo nitamleta awasalimie, maana nyie ni baba zake. Lakini anakaa na mie."

Blessing alilivua koti, akalilaza kitini. "Mie hapo sina la kukukatizia."

Mama na mwana wakapanda. Tekla alishika begi kwa mikono miwili. Bajaji ilihangaika na matope, ikageuka, na mimi nikabaki barazani na watoto. Ubavuni mwa bajaji niliona midomo ya Tupokigwe inacheza. Sikuweza kusikia kama alikuwa ameanza na shukrani.