Mwalimu Aliyekuja Kuulizia Programu Yake

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, pale Malaba mpakani, nikiwa nimeketi mbele ya kompyuta yangu.

Kazi yangu ni kuchapisha programu za mazishi. Picha ya marehemu mbele, historia yake ndani, nyimbo nyuma. Leseni ya ile programu ya kompyuta ninayopangia kurasa ilipokwisha, niliona kuilipia kwa wenyewe ni kujiumiza. Mtandaoni kulikuwa na jamaa anauza kwa bei ya kutupa. Sikumjua hata kwa sura. Nikalipa, akanitumia barua pepe ya kuingilia na neno la siri. Nilipofungua, pembeni juu nikaona jina: Mwl. Ojiambo. Nikamuuliza muuzaji huyo ni nani.

"Usijali dada," akaandika. "Wewe fanya kazi."

Nikafanya kazi. Ungekuwa wewe ungekataa?

Wiki hiyo mzee Omuse akaja kutoka Chakol, amefiwa na mkewe. Alikuwa na picha moja tu ya mama huyo, kuukuu, imekunjwa mara nne. Nikaipiga skani. Akaniuliza kama anaweza kumzika nayo.

"Weka tu, mzee," nikamwambia. "Kompyuta haisahau."

Siku chache baada ya mazishi, alasiri, mvua ikinyesha, mwanamume wa makamo aliingia dukani. Shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, moja nyekundu.

"Dada, nimekuja kuulizia programu yangu."

"Ya marehemu nani?"

"Ojiambo."

Nikapekua daftari la oda. Hakuna. "Wewe ni nani wake?"

"Nimesema ni yangu," akajibu kwa upole, kama anayemrudia mtoto somo. "Jina langu si liko hapo pembeni?"

Niamini, kioo cha kompyuta kilinielekea mimi. Kutoka alikosimama angeona nyaya tu.

"Sina ubaya na wewe," akaendelea. "Lakini huyo aliyekuuzia ufunguo wangu amewauzia na wengine. Toa vitu vyako humo mapema."

Nikalitazama lile jina. Nilipoinua macho, hayupo. Nikakimbilia mlangoni. Dereva mmoja wa lori, Mganda, alikuwa amejikinga mvua hapo hapo kizingitini.

"Nnyabo," akaniuliza, "saa yote hiyo unaongea na nani?"

Sasa usikie ujinga wangu. Sikutoa kitu. Niliogopa, ndiyo, nikasali, nikajiambia ni uchovu. Lakini moyoni nilijua nikihama humo itabidi ninunue leseni halali, na sikutaka.

Siku ya tatu neno la siri likakataa. Kuna mtu alikuwa amelibadilisha, na kazi zangu zote, hata ile picha ya mke wa mzee Omuse, nilikuwa nimezihifadhi humo humo mtandaoni, si kwenye kompyuta. Kumtafuta muuzaji, ukurasa wake umefutwa.

Baadaye mteja mmoja kutoka Matayos nilimtajia zile kalamu mbili. Akashika mdomo. Ojiambo alikuwa mwalimu wao, akasema, na walikuwa wamemzika hata kabla sijanunua ile leseni.

Mzee Omuse alirudi mwezi ulipoisha. Alitaka picha kubwa ya kutundika ukutani. Nikamweleza yote. Angenitukana, ningepumua. Akatoa mfukoni programu aliyobaki nayo. Mvua ya siku ya mazishi ilikuwa imeyeyusha wino, uso wa mkewe umekuwa doa.

"Hata kapicha kadogo?" akauliza.

"Hata kadogo, mzee."

Akaikunja ile karatasi taratibu, akashukuru, akaondoka. Alinishukuru, unasikia? Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si yule mwalimu.

Tangu siku hiyo, nikipata nafasi naenda Chakol, naulizia nyumba kwa nyumba kama kuna aliyehifadhi programu ya yule mama. Nimepata mbili. Moja, ukurasa wa mbele walishauwashia jiko. Nyingine watoto walimchorea mama wa watu ndevu.

Kwa hivyo wewe unayechekelea leseni ya bei ya kutupa, muulize muuzaji ilikuwa ya nani, na ni nani mwingine anayo. Akikwambia usijali, hapo ndipo ujali. Mimi Jumamosi narudi Chakol. Kuna boma moja ng'ambo ya soko sijaingia.