Kipanga wa Mgunga wa Bibi Minza

Nikiwa bado msichana wa shule ya msingi, niliishi Usagara kwa bibi yangu mzaa mama, na ndege mmoja nusura atufukuzishe pale nyumbani. Wanaoniona leo nikipandisha sauti kwenye vikao vya mtaa hapa Buhongwa huniuliza kiburi hiki nimekitoa wapi. Nawaambia ni cha kurithi.

Bibi Minza alikuwa na macho mekundu. Miaka yote alipikia mabua na samadi iliyokaushwa, ndani ya jiko lisilo na dirisha; hata mimi nilikuwa natoka humo nikifuta machozi. Lakini kwetu, mwanamke mzee, mjane, mwenye macho ya namna ile, hahitaji kufanya kosa lolote ili asemwe kuwa ni mchawi. Tulizisikia habari za vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu hiyo tu. Bibi alizijua kuliko mimi, na bado kila asubuhi alifagia uwanja wake na kumsalimia kila aliyepita, hata yule ambaye hakuitikia.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mgunga mkubwa uliojaa viota vya ndege wadogo, minana. Msimu mmoja wa mvua akaanza kuja ndege wa kijivu, mwenye kichwa kidogo na miguu mirefu ya njano. Hakuwa mwewe. Mwewe tuliwajua vizuri, walikuwa wanatuibia vifaranga. Huyu alining'inia kichwa chini kama popo, huku akipigapiga mabawa. Tena uso wake haukuwa na manyoya, na ulikuwa unabadilika rangi: mara njano kama papai lililoiva, mara mwekundu.

"Huyo ni ndege wa kutumwa," wenzangu waliniambia kisimani. "Akiwa wa njano ana njaa. Akiwa mwekundu, ujue ameshakunywa damu."

"Katumwa na nani?"

Wakatazamana, wakabeba ndoo zao.

Ndipo mtoto mchanga wa jirani yetu Mama Limi akashikwa na homa. Walimkimbiza zahanati, lakini alifariki siku ile ile. Mtu mmoja akasema asubuhi ya siku hiyo alimwona ndege wa mgunga, uso mwekundu kama damu. Kufikia msiba unaisha, ndege alikuwa ameshapata mwenyewe, na mwenyewe alikuwa bibi yangu.

Mjomba alikuja mbio kutoka mjini. "Mama, fungasha vitu twende. Hawa watu watakuua."

Bibi alikuwa anachambua mchicha, wala hakuinua kichwa. "Nikiondoka nitakuwa nimekubali. Wewe kula, ulale, kesho urudi kazini kwako."

"Na huyu mtoto je?"

"Muulize mwenyewe."

Nikasema sihami. Sikuwa jasiri, usiku nilimkumbatia bibi mgongoni nikisikiliza kila mbwa aliyebweka. Ila nilikuwa na hasira, na hasira ile nikaipeleka kwa ndege. Kila nikitoka shule nilipanda kwenye jiwe kubwa nyuma ya mgunga, nikajilaza kifudifudi, nikamtazama.

Siku za kwanza niliogopa hata kupumua. Kisha nikaanza kuona. Alishika kiota kwa mguu mmoja, mwingine akauingiza ndani kama mtu anayepapasa mfukoni. Mguu wake ulikunjika mbele, ukakunjika na nyuma, jambo ambalo sijaliona kwa kuku wala kwa njiwa. Akatoa kinda la mnana, akalimeza. Siku nyingine aliingiza mguu kwenye tundu la mti akatoa mjusi. Na uso? Kunguru walipomvamia, ule unjano ulipotea mbele ya macho yangu, wekundu ukapanda. Kunguru walipoondoka, akatulia, unjano ukarudi. Hakuwa amekunywa kitu.

Nilimkimbilia bibi jikoni. "Bibi, anaiva uso akikasirika! Kama jogoo akitaka kupigana!"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Jumapili moja mchana wakaja. Mbele alikuwa Mzee Masunga, baba mkwe wa Mama Limi, na nyuma yake wanaume wenye mashoka na mapanga. Mama Limi mwenyewe alifuata nyuma, bado amejifunga kanga ya msiba.

"Shikamoo, baba," nilisema. Hakuitikia.

"Tumekuja kukata huu mti," akamwambia bibi. "Halafu wewe utatuambia ndege wako analala wapi."

Bibi akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mti ni wangu, aliupanda marehemu mume wangu. Ukitaka kuukata, anza na mimi."

Hakuna aliyesogea. Na yule ndege, kana kwamba hana habari na mambo ya watu, akatua mgungani na kuanza kupapasa viota. Minana wakapiga kelele. Wanaume wakarudi nyuma. Mimi nikapiga kelele kuliko minana: "Mtazameni! Mnamwogopa hamjawahi kumtazama! Anakula makinda! Kunguru wakija atakuwa mwekundu, mtaona!"

"Nyamaza, mtoto!" Mzee Masunga alinifokea.

Sikunyamaza. Nikamshika Mama Limi mkono nikamvuta hadi kwenye jiwe langu. Angeweza kunipiga, lakini alikuja. Kunguru wakaja kweli, wakamzonga ndege yule, na uso wake ukawaka. Mama Limi alitazama kwa muda mrefu, wengine wote wakimngoja yeye. Wekundu ulipofifia, alifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Baba," alimwambia mkwewe, "mwanangu alikufa kwa homa. Mimi ndiye niliyembeba. Huyu ni ndege tu, anakula. Naomba turudi nyumbani."

Wakarudi. Si wote walioamini. Wapo waliovuka barabara wakimwona bibi mpaka alipofariki. Alifariki kwa uzee, kitandani mwake, nyumba ile ile.

Ukubwani nilimkuta yule ndege kwenye kitabu cha picha: uso mtupu unaobadilika rangi, mguu unaokunjika pande mbili, mla makinda, jamii ya vipanga. Nilifurahi, lakini sikujidanganya kuwa maarifa yangu ndiyo yaliyomwokoa bibi. Ningeweza kupiga kelele pale mpaka sauti ikauke. Aliyewarudisha watu nyumbani ni mama aliyefiwa, aliyepewa mtu wa kumchukia akakataa. Kumtazama ndege kulikuwa kazi rahisi. Yeye ilimbidi autazame msiba wake bila kumsingizia mtu, na mpaka leo sijui kama mimi ningeweza.