"Anzia Hapa, Utahamia Kule Baadaye"

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita na fundi wa vyuma anayejulikana mtaa mzima wa Huruma, nilipoingia karakana kubwa kuliko zote hapa mjini Eldoret, nikakabidhiwa ufagio.

Ufagio, mwanangu. Si grinda ya kukatia chuma, si mashine ya kuchomelea. Ufagio wa kufagia vumbi la chuma.

Leo ukipita mtaa wa matajiri wa Elgon View ukaona geti limesimama wima kama askari wa gwaride, halilii likifunguliwa, usisumbuke kuuliza ni la nani. Ni langu. Shule niliacha darasa la saba, lakini madaktari na mawakili wananipigia simu wakisema, "Tafadhali Mzee Odongo, utakuja lini?" Sijisifu, nasema kilichopo. Chema chajiuza. Ila hadithi ya ufagio huwa siwasimulii wateja. Nakusimulia wewe unayetaka kuchagua chuo kwa sababu juzi, mezani kwangu, nilimwambia binti yangu neno la kijinga, na najua wazazi wengi mwaka huu wanawaambia watoto wao neno hilo hilo.

Binti yangu Anyango amemaliza fomu foo na amepita vizuri. Akili alitoa kwangu, ingawa mama yake anabisha. Alipata nafasi katika vyuo vikuu viwili. Cha hapa karibu kilimpa fizikia, aende na kurudi nyumbani kila siku. Cha kule Pwani kilimpa uhandisi, kitu alichokitaka tangu akiwa mdogo ananishikia ncha ya tepu nikipima. Alitakiwa achague kimoja kabla ya Ijumaa.

"Baba," akasema, "marafiki zangu wote wanaingia hapa. Wanasema nianze na fizikia, halafu mwaka wa pili niombe transfa, niende uhandisi kule Pwani."

Sasa, nyumba yangu bila huyo msichana ni kama redio iliyozimwa. Nikajibu haraka, hata sijameza: "Anzia hapa, mama. Utahamia kule baadaye."

Akafurahi. Mama yake akafurahi. Mimi nikachukua kikombe cha chai, na kabla hakijafika mdomoni nikaukumbuka ule ufagio.

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Njoroge, mtu wa kutoka Mkoa wa Kati, aliyekuwa na karakana Huruma tangu mimi nikiwa mtoto. Kwake hukushika mashine upesi. Kwanza alikupa chaki. Ulichora geti zima kwenye simiti, kwa ukubwa wake kamili, na bawaba zake na mlango mdogo wa watu. Akija akaona kona imepinda, anafuta kwa kiatu. "Chora tena. Geti huanzia kwa chaki." Nilikuwa nimekaa kwake mwaka mmoja tu, nimeanza kuchora kona zikasimama, uchaguzi mkuu wa mwanzo wa miaka ya tisini ukafika.

Mwanangu, yaliyotokea hapa baada ya uchaguzi ule, majirani wakafukuzana kwa makabila, umeyasikia, sitayarudia yote. Karakana ya Mzee Njoroge ilichomwa. Yeye na familia yake wakaishia kambini, kwenye hema. Mimi sikuguswa, kwa sababu jina langu halikuwa la kabila lililotafutwa mwezi ule. Huo haukuwa ujanja wangu, na hilo sijawahi kujisifia.

Nilipopata njia ya kupita nilienda kumwona. Nilikuwa nimefukua majivu ya karakana nikapata skwea yake, kile chuma cha kupimia kona. Mpini wa mbao ulikuwa umeungua wote. Aliishika, akaifuta kwenye suruali, akaiweka kwenye kona ya sanduku alilokalia, akafumba jicho moja.

"Bado iko sawa," akasema, akacheka. Ndani ya kambi, mzee alicheka. Kisha akaniambia, "Odongo, mimi naenda Nakuru kwa ndugu yangu. Tutaanza upya. Ukitaka, njoo umalize ulichoanza."

"Mzee, fundi Wafula pale Huruma anatafuta vijana. Milango imevunjwa kila mahali, kazi ni nyingi. Nitashika hapo kidogo, halafu nihamie ile karakana kubwa ya mjini."

"Umewauliza hao wa mjini wanataka mtu anayejua nini?"

"Wataona tu kazi yangu. Mkono huu haujifichi."

"Mkono haujifichi, sawa. Na mdomo je, umeufunga kwa waya? Pita pale kwanza, uwaulize. Ni mwendo wa dakika ishirini."

Sikupita. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mimi nikadhani walikuwa wanasema juu ya watu wenye miguu dhaifu.

Kwa Wafula nilikaa miaka mitatu, na nilikuwa moto. Lakini kazi yetu ilikuwa mlango wa aina moja. Tulikuwa na mlango mmoja wa mfano, tunaulaza chini, tunapanga vyuma juu yake, tunakata, tunachomelea, tunaita mteja. Chaki sikuishika tena. Watu wakaniita Mfalme wa Milango, nami nikaitika.

Basi siku niliyoona nimeiva nikavaa shati safi nikaenda mjini. Mwenye karakana kubwa alikuwa Mama Jerotich, mjane mwenye sauti iliyoshinda grinda.

"Wewe ndiye Mfalme wa Milango?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Haya. Nichoree geti la futi kumi na mbili, lenye mlango mdogo wa watu." Akanipa chaki.

Nikaangalia simiti. Simiti ikaniangalia. "Mama, hamna geti la mfano nilitumie?"

"Mfano unatakiwa uwe hapo," akanigusa paji la uso kwa kidole. Vijana wakacheka, kuna mmoja alilazimika kukaa chini. Kisha akanipa vyuma viwili nichomelee. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono, akarudia mara ya pili.

"Mshono wako ni safi. Huo tutauchukua. Hayo mengine utaanza mwanzo, pamoja na hawa waliokuja juzi. Na wa kuja juzi huanzia kule." Akaonyesha ukutani uliposimama ufagio.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama miezi kumi.

Mwezi wa pili wa kufagia, nani anaingia getini kununua vyuma? Mzee Njoroge, amekuja kutoka Nakuru kuangalia ploti yake.

"Ngai, Mungu wangu! Odongo! Kumbe siku hizi wewe ni waziri wa usafi?"

Nilitamani nijifunike na lile vumbi. "Mzee, nilihama kama nilivyokuambia. Lakini hawakuhesabu miaka yangu."

Akaacha kucheka. "Kuhama si kosa. Mimi nimehama. Lakini mimi nilihamishwa na moto, sikuulizwa. Wewe ulikuwa na miguu, ulikuwa na mdomo, ulikuwa na siku nzima mbele yako. Mtu mwenye nafasi ya kuchagua akichagua kama anayekimbia, anatudharau sisi tuliokimbia kweli."

Alinunua vyuma vyake akaenda. Nilifagia siku ile mpaka sakafu ikaona haya.

Hayo yote nilimweleza Anyango pale mezani, chai ikapoa. Nilipofika kwenye ufagio akaangua kicheko. "Mum! Kumbe Baba alikuwa anafagia?"

Mama yake hata hakugeuka. "Kwani mimi nilimjulia wapi? Si nilikuwa nauza chai pale karakanani? Wengine walikuwa wanasukuma vumbi kando. Huyu alifagia mpaka chini ya mashine. Nikasema, huyu ndiye wa kujenga naye nyumba."

Tukapiga simu kule chuo cha Pwani, simu ikiwa katikati ya meza. Akapokea mama mmoja mpole. Anyango akamuuliza: nikisoma fizikia mwaka mmoja huku, nikihamia kwenu, mtachukua nini?

"Masomo mawili tunaweza kuyahesabu, binti. Mengine utaanza mwaka wa kwanza na wenzako. Na nafasi siwezi kukuahidi, inategemea kama kutakuwa na iliyobaki."

Masomo mawili. Mshono tu, mwanangu. Nikavuta pumzi niseme kwamba Pwani ni mbali, kuna joto, kuna mbu. Kufungua mdomo, Anyango alikuwa ameshabonyeza chaguo lake kwenye simu. Uhandisi. Nikabaki na pumzi yangu.

Basi nikuambie wazi, wewe unayepima vyuo viwili. Ingia kwenye chuo ambacho hata kama hutahama kamwe, utamaliza hapo bila kujuta. Usiache mbachao kwa msala upitao, na usikalie mbacha usioutaka ukisema msala utakuja. Ikiwa ni lazima uhame baadaye, kwa sababu maisha yanaweza kuhamisha yeyote, nenda kwanza kwa wale unaowaendea uwaulize watahesabu nini, na jibu waliandike. Tunza karatasi za kila somo ulilosoma. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni miaka mitatu ya mlango mmoja. Na mzazi akikuambia "anzia hapa," mwangalie vizuri machoni. Pengine anaogopa tu nyumba yenye kimya.

Mungu akupe mdomo wa kuuliza na sikio la kusikia jibu usilolipenda. Akuongoze mpaka mlango ulio wako, akuepushe na moto uliowahamisha wazee wetu. Ukifika, usikabidhiwe ufagio. Na ukikabidhiwa, mwanangu, fagia mpaka chini ya mashine. Huwezi kujua ni nani anauza chai.