Mama Mkwe na Koti la Rubani

Mimi hukusanya magwanda ya wanajeshi waliokwisha kufa. Nikilisema hilo kwenye sherehe za Watanzania wa hapa Toronto, watu husogeza sahani zao pembeni kidogo. Mke wangu alishachoka kunitetea. Siku hizi hunitangulia kwa kueleza kwamba wenzangu kazini hukusanya kadi za wachezaji wa hoki, na kwamba kila mwanamume ana ugonjwa wake. Kwa kazi mimi ni fundi wa lifti. Kutwa nzima nimo ndani ya mashimo ya majengo ya watu, na labda ndiyo sababu nikipata nafasi nawapenda walioruka angani.

Koti ninalotaka kulieleza nililipata Markham, mji wa jirani, mbele ya nyumba kubwa ambayo mwenyewe alikuwa akiuza vitu vyake kabla ya kuhamia fleti ya wazee. Lilining'inia kwenye mlango wa gereji, katikati ya mapazia. Sufu nzito, buluu iliyokaribia weusi, vifungo vyenye nanga, mistari ya dhahabu mikononi, na juu ya mistari ya mkono wa kushoto mabawa madogo yaliyotariziwa. Nilijua papo hapo: rubani wa jeshi la majini, wale waliokuwa wakitua na ndege juu ya meli. Moyo ulinienda mbio. Lakini mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye mitumba, najua kukunja uso. Nikauliza kwanza habari za mapazia.

Mwenye nyumba, bibi wa miaka kama sabini hivi, hakudanganyika.

"Umelishika mara tatu," akaniambia. "Lilikuwa la baba yangu. Lichukue, sitaki kitu. Nina sharti moja tu."

Sharti lenyewe lilikuwa hili. Mama yake, ambaye naye alishafariki, alimwambia maisha yake yote kwamba baba hakuja alipozaliwa, na kwamba hakumtia machoni mpaka alipokuwa ameshaanza kutembea. Baba mwenyewe hakukubali wala hakukanusha. Alikuwa mtu wa kuuliza kama chai iko tayari. "Nyinyi wakusanyaji mnajua kuziandikia ofisi za kumbukumbu," yule bibi akasema. "Nitafutie alikuwa wapi. Kama alikuwa katikati ya bahari, nitamsamehe. Kama alikuwa karibu na hakuja, hilo nalo nataka kulijua kabla sijafa."

Nikaahidi upesi upesi, kama aahidivyo mtu ambaye koti limeshaingia kwenye buti la gari lake. Tukajaza fomu, yeye akatia sahihi kama mtoto wa marehemu, mimi nikaituma. Jibu likaja kwamba ombi letu limepokelewa na kwamba tusubiri. Tukasubiri.

Katika kusubiri huko mke wangu akajifungua, na mama yake akaja kutoka Tanga kumlea mzazi, kama ilivyo desturi: siku arobaini za uji wa pilipili manga, maji ya moto na kukandwa mgongo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi kweli tulipona. Nyumba yetu ya mtaa wa Agincourt ilinukia iliki hadi kwenye soksi. Alipika, alikanda, alifua. Hasa alifua. Mashine yetu aliitazama ikifanya kazi siku moja tu, akatoa hukumu kwamba inautembeza uchafu, haiutoi. Tukamnunulia beseni.

Mimi nami nilikuwa na furaha yangu ya chinichini, kwenye chumba cha chini ya nyumba ninakotundika magwanda yangu. Kwenye bega la kushoto la lile koti, upande wa mgongoni, kulikuwa na doa jeupe lililokakamaa, ukubwa wa kisosi. Nililichungulia kwa kioo cha kukuzia, nikaamua kwamba ni chumvi ya bahari. Nikawaandikia wakusanyaji wenzangu, kikundi cha wazee wa Kizungu ambao hunivumilia, kwamba nimepata koti lenye chumvi ya Atlantiki. Mmoja akauliza nina hakika gani. Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi nimezaliwa pwani, chumvi siwezi kufundishwa. Kwenye kikundi chetu sheria kuu ni moja: vazi halifuliwi. Jasho, vumbi, madoa, vyote ni historia.

Mama mkwe hakuwa mwanachama.

Jumamosi moja nilirudi kutoka kazini mchana nikalikuta koti uani, limeanikwa, linachuruzika maji.

"Shikamoo mama," nikasema, maana hata nyumba ikiwaka moto mkwe huamkiwa kwanza.

"Marahaba, baba. Pole na kazi. Nimekufulia lile koti lako la kule chini. La nani?"

"La mtu mmoja hivi, marehemu."

"Amekufa lini?"

"Zamani, mama. Miaka mingi."

"Na siku zote hizo halijaguswa maji!" Akanitazama kama ananiona upya. "Nguo ya maiti haikai na jasho lake, baba. Hufuliwa, ndiyo ikapewa mtu. Sasa wewe unalala juu, marehemu wa watu yuko chini na uchafu wake?"

Kwetu mtu hagombani na mama wa mkewe. Hampandishii sauti, hamkodolei macho, na mkwe akimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Kwa hiyo nikasema, "Ahsante mama, umefanya vizuri sana," nikaenda kwenye gari, nikapandisha vioo vyote, nikapiga ukelele. Mke wangu akaja kugonga kioo.

"Sasa wewe, please, don't start na mama yangu," akasema. "Ameinama kwenye beseni saa nzima kwa ajili yako. Maji yakimwagika hayazoleki."

Nikamwambia haya yamemwagika na Atlantiki yangu ndani. Akacheka, jambo ambalo sikulisamehe hadi Jumatatu.

Tulipokaa kula, mama mkwe akaanza mwenyewe. "Lile doa la begani limenitesa. Mpaka nikatafuta ndimu."

Nikaweka kijiko chini. "Lile lilikuwa chumvi, mama. Ya bahari."

"Chumvi?" Akanionea huruma, ile huruma ya mwanamke anayejua kwa mwanamume aliyesoma. "Chumvi ikiona maji inakwenda zake. Lile liligoma. Maziwa yale, baba. Mtoto kacheua." Akamchukua mjukuu wake, akamlaza begani, akampigapiga mgongo. Mtoto, bila aibu wala upendeleo kwangu, akacheua. Yakateremka nyuma ya bega la kushoto la mama mkwe, palepale. "Nimezaa wanane," akasema akijifuta kwa upindo wa kanga. "Maziwa nayajua."

Sikumwamini. Kusema kweli sikutaka kumwamini. Chumvi ya Atlantiki ina heshima yake, na matapishi ya mtoto hayana. Hata leo nikilifikiria nasitasita. Mwanajeshi gani huachwa atembee na maziwa begani mpaka yakauke? Huenda ilikuwa supu.

Bahasha ya ofisi ya kumbukumbu ilifika majani yalipokuwa yanapukutika, siku arobaini zimeshapita na mama mkwe bado yuko nasi. Ilikuwa nene, imejaa nakala zenye vifupisho ambavyo hata waliovibuni nadhani wamevisahau. Nikakaa nazo kwenye meza ya jikoni Jumapili tatu mfululizo. Rubani wangu, nasikitika kusema, hakuwa shujaa wa aina niliyoiagiza. Hakumtungua mtu. Alifunzwa, akafuzu, akapangiwa meli, akaugua meno, akarudi melini. Meno yalipewa kurasa mbili nzima. Ndege pekee aliyoiharibu aliiharibu ikiwa imeegeshwa.

Halafu, kwenye ukurasa ambao nusu yake ilikuwa kivuli cha mashine ya kunakilia, nikaona mstari mmoja: likizo ya siku saba, Toronto, sababu za kifamilia. Nikatazama kwenye fomu yetu tarehe aliyozaliwa yule bibi. Likizo ilianza siku kumi na moja baadaye. Mstari uliofuata ulimrudisha melini, na hapo alikaa zaidi ya mwaka.

Alikuja, basi. Niliinuka mezani nikaenda kumwambia mama mkwe kabla ya kumwambia mke wangu, na hilo sijawahi kulirudia.

Nilikusudia kupiga simu. Mama mkwe akakataa kabisa: habari ya marehemu haipelekwi kwa simu, wala haipelekwi na mwanamume peke yake. Akalipiga koti pasi kwa mkono wake, akakaanga visheti, akajitanda, akaingia garini. Njia nzima ya kwenda Markham alilipakata.

Yule bibi alitupokea kwenye fleti yake mpya iliyojaa maboksi. Nikamwekea karatasi mezani, nikamwonyesha mstari. Akausoma kwa kidole, akaurudia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi ya furaha, na sitaficha, kwa shukrani kidogo pia.

"Basi mama yangu alinidanganya," akasema.

Hilo sikulitarajia. Nilikuwa nimemtafutia baba. Sikujua kwamba nimekuja kumnyang'anya mama.

"Maisha yangu yote," akaendelea. "Kwa nini aniambie hivyo?"

Mimi ni fundi wa lifti. Nikamgeukia mama mkwe nikamtafsiria, kwa kukosa la kufanya. Akafikiri, akashusha pumzi.

"Mwambie mama yake hakusema uongo," akasema. "Mwanamke akiachwa na kichanga mwaka mzima, wiki moja si kuja. Ni kupita. Na baba yake naye ana haki yake. Kila mmoja anasema alichokiona."

Nikatafsiri kadiri nilivyoweza. Yule bibi akamtazama mama mkwe kwa muda mrefu, wazee wawili walioelewana bila idhini yangu, akaitika kwa kichwa. Ndipo nikamweleza habari ya maziwa. Akalivuta koti haraka, akaligeuza, akapapasa bega.

"Liko wapi?"

"Anauliza doa liko wapi," nikamwambia mama mkwe.

"Mwambie nimelifua."

Nilitamani kusema limefifia kwa miaka, limeliwa na nondo, lolote. Mimi niliyewahi kumuumbua mzee wa watu mbele ya kikundi chetu kwa sababu aliuza beji ya bandia, nikajikuta natunga. Lakini mama mkwe alikuwa amenikazia macho, na nilikuwa na hakika kwamba uongo angeuelewa kwa lugha yoyote. Nikasema amelifua, kwa sabuni na ndimu. Yule bibi akashtuka, kisha akacheka mpaka akashika ubavu. Mama mkwe naye akacheka. Mimi sikuona la kuchekesha.

Alipotulia akarudi kwenye karatasi. "Siku saba," akasema. "Meli yake ilikuwa wapi?"

"Pwani ya mashariki."

"Walikuwa wanakuja kwa ndege?"

Kilikuwamo kwenye kumbukumbu, kibali cha treni, nami nilikipita bila kukitia maanani kwa sababu nilikuwa natafuta ndege. Treni, nikamwambia. Karibu siku mbili kuja, karibu siku mbili kurudi.

Akapiga hesabu kwa vidole. "Zinabaki tatu."

"Tatu," nikasema.

"Ndiyo maana hakujitetea," akasema taratibu. "Angesema nini? Kwamba alikuja siku tatu? Aliona aibu."

Mama mkwe akanigusa mkono akitaka kujua. Nikamweleza: siku saba alizopewa, nne alikuwa njiani, tatu tu ndizo alizomshika mtoto, na alijua hivyo kabla hajapanda treni. Nilidhani ataikazia hukumu yake.

"Siku nne njiani kwa ajili ya tatu?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi hapo nilikosea. Mwambie alikuja."

Nikafungua mdomo nitafsiri. Nilikuwa nalia, mbele ya mkwe, jambo lisilofaa kabisa. Yule bibi hakungoja tafsiri. Alikuwa ameshalivaa koti juu ya sweta yake, mikono imemfunika hadi vidoleni, na anafunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini. Sikumwomba anirudishie. Nilitaka sana kumwomba.