Skrubu Mbili za Jirani Yangu

Kiwanda chetu cha Houston kiliunganisha feni za mezani. Tuliketi kwenye laini ndefu, feni zikipita mbele yetu. Mimi nilifunga mota kwa skrubu mbili; kulia kwangu mama mmoja wa Bukavu alifunga kitako kwa skrubu nne.

Mume wangu alipofariki nilirudi kazini upesi, mikono haina nguvu. Yule mama alinyoosha mkono tu, akawa ananifungia. Baadaye nguvu zikanirudia, vidole vyake vikaanza kuuma, nami nikawa nafunga mbili kati ya skrubu zake nne. Hatukuwahi kupatana juu ya jambo hilo.

Siku moja akaja injinia na saa ya kupimia muda, agawe kazi upya ili laini isikwame. Alitazama saa kuliko mikono. Alipompima mama, kwa mazoea nikafunga zile mbili. Akaandika kwamba mama anamaliza mapema, akamwongezea kazi ya waya.

Kufikia adhuhuri feni zilikuwa zimerundikana mbele yake. Msimamizi akasema kesho ataondolewa, na nafasi nyingine hakuna.

“Nitamwambia injinia,” nikasema.

“Atatufukuza sote wawili. Nyamaza, mwanangu.”

“Siwezi kudanganya, Mama.”

“Nani amekuuliza?”

Nilikwenda hivyo hivyo. Kiingereza changu kilikuwa kibovu, nikaonyesha kwa vidole: mbili zake, mbili zangu.

“Tangu lini?” akauliza injinia.

“Tangu mume wangu afariki.”

Alirudi nami kwenye laini. Kisha akaniambia niweke mikono mapajani, akampima mama upya. Akaona ukweli. Zile skrubu mbili akaniandikia mimi, na waya akampa bwana mmoja wa mwisho wa laini, ambaye kila siku alimaliza mapema akabaki kuimba nyimbo za kanisani. Msimamizi hakuzungumzia tena habari ya kumwondoa mama.

Karatasi mpya ilipobandikwa, mama akaisoma polepole.

“Sasa unafunga kwa amri,” akasema. “Usitegemee nikushukuru tena.”

“Ulinishukuru lini?”

Alicheka mpaka feni moja ikatupita bila kitako. Yule mwimbaji akaturudishia mwenyewe, huku akinung'unika kwamba siku hizi hana hata muda wa kumaliza ubeti mmoja.