Dawa Inayochagua

Jamani, nasimulia tu kwa sababu mmeshasikia kwa wengine, na wao wametia chumvi. Nilimwaibisha mama mkwe wangu, mjane mwenye shamba moja, mbele ya jumuiya nzima ya kanisa, na hadi leo nikienda mnadani Karatu nachekwa hata kabla sijasalimiwa.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, dawa ya magugu ndiyo kwanza inatufikia, na mimi nikawa wa kwanza kijijini kubeba bomba mgongoni, basi kila nikikaa na watu ni hayo hayo, "Dawa hii inachagua, wenzangu, inaua magugu inaacha ngano" (neno "inachagua" nililipenda mno, mke wangu alilichukia). Bwana shamba alinionya nipige dawa ngano ikiwa bado changa. Lakini nilikwenda Endulen kumsalimia rafiki, maziwa yakaninogea, nikarudi ngano imeshatoa masuke na magugu yamejaa, nikajiambia kawia ufike, nikapiga hivyo hivyo. Magugu yakafa, ngano nikavuna, na kwa macho ilikuwa ngano nzuri tu.

Msimu uliofuata nikamwambia mama mkwe mbegu ya shamba lake nitampa mimi, kutoka kwenye ngano ile ile.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "tusiweke kwanza punje mia kwenye gunia lililoloweshwa, tuone zitakazoota?"

"Mama, hii ni mbegu ya kisasa."

Naye kwa kuniamini (hapo ndipo panaponiuma) akaisaga mbegu yake yote, ikaliwa kwenye ubatizo wa mjukuu.

Tukasia, mvua ikanyesha, wiki ya kwanza kimya, ya pili mche mmoja hapa na mwingine kule, ya tatu shamba likawa kijani kweli, ila si kijani cha ngano, na Jumapili hiyo jumuiya ikaja kuliombea. Katekista wetu, mzee ambaye macho yalishamchoka, akanyoosha mikono akaanza kumshukuru Mungu kwa ngano iliyostawi namna ile, akashukuru weee, hadi jirani yangu mmoja akakohoa.

"Mzee, hayo ni magugu."

Halafu yule yule akanigeukia: "Kumbe kweli dawa yako inachagua. Imechagua ngano."

Walicheka hadi wakashikana mabega. Mama mkwe hakucheka, aliinama akang'oa gugu moja, akaniuliza, "Sasa mwaka huu tutakula nini?"

Dawa niliyoipiga kwenye masuke ilikuwa imeua uhai ndani ya punje. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiomba mbegu kwa wale wale niliowatambia, nikapata ya nusu shamba, nusu nyingine ikabaki hivyo hivyo, na mwaka ule tulikula mara moja kwa siku.

Bomba ninalo bado, ila ngano ikishatoa masuke siligusi, na wala sipandi kabla ya kuhesabu punje mia. Mama mkwe hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja. Ila kila msimu, kabla sijafungua mdomo, naona anakuja na gunia lake, ameshalilowesha.