Profesa Aliponiambia Niondoke

Siku yangu ya kwanza maabara, hapa Stockholm, nilivaa suti na tai. Mkuu wa maabara alinipokea miguuni ana soksi tu, viatu kaviacha mlangoni, akataka nimwite kwa jina lake. Sikuweza. Miaka yote ya masomo ya uzamivu nilimwita Profesa, naye akicheka tu.

Kazi yetu ilikuwa biolojia ya kompyuta. Wenzetu walipima damu na vipande vya uvimbe. Sisi tulipokea herufi za jeni, mamilioni kwa mamilioni, tukaandika programu za kutafuta palipoharibika. Niliipenda kazi ile. Hata saa ya kahawa, wenzangu walipokaa kuzungumza, mimi nilibaki kwenye kompyuta. Nilikolelewa, mkubwa huiona bidii yako akakukumbuka mwenyewe. Kujipendekeza na kuomba-omba ni kukosa adabu.

Wiki moja baada ya kutetea tasnifu, Profesa aliniita. Nilijua ananipa postidoki, yaani ile nafasi ya utafiti ya miaka michache anayoipitia mwenye uzamivu kabla hajasimama mwenyewe.

"Sasa lazima uondoke," alisema, anatabasamu.

"Asante, Profesa," nikajibu.

Kibali cha kuishi huku, mimi na mke wangu na watoto, kilitegemea kazi yangu. Mkataba ukiisha, na maisha yetu ya Rinkeby, mtaa wetu hapa mjini, yameisha. Nilisoma upya barua pepe zangu zote nikitafuta kosa langu, nisilione. Nikaomba nafasi kila nilipoona tangazo. Yote yalitaka wadhamini, yaani watu wa kukuandikia barua ya kukusifu, nami nikaandika majina ya watu walionijua juujuu, maana aliyekufukuza utamwombaje akusifu? Sikuitwa popote. Profesa naye akawa ananitazama kwenye korido kama anayesubiri kitu. Mimi nainamisha kichwa, napita.

Mke wangu alichoka kuniangalia. "Baba Neema, umemuuliza umekosa nini?"

"Mkubwa haulizwi hivyo."

"Haya, tufunge mizigo. Ila watoto utawaambia wewe."

Kesho yake nilikwenda kumuuliza. Profesa alishangaa kuliko mimi.

"Kosa gani? Hapa anayebaki kwa mwalimu wake huonekana mwanafunzi daima. Nilitaka ukue. Nimengoja miezi uniombe barua ya udhamini, nikadhani huitaki!"

Aliiandika siku ile ile. Nikapata postidoki upande wa pili wa mji, na baada ya miaka nikaongoza maabara yangu.

Sasa nimestaafu. Siku ya kuniaga walinipa keki, wakaniambia wanafurahi sana. Wamefurahia nini hasa, mpaka leo sijui. Watu wa huku bado wananichanganya, na mimi mwenyewe pia najichanganya.

Maana mwaka wangu wa mwisho kazini, mwanafunzi wangu Rehema alitetea tasnifu yake vizuri ajabu. Nikamwita ofisini, nimejaa fahari, nikamwambia, "Sasa lazima uondoke."

"Asante, Profesa," akasema, akainuka.

Rehema amezaliwa Akalla, hapa hapa Stockholm, Kiswidi ndicho anachoota nacho. Nilidhani anaelewa. Lakini alipogeuka mlangoni niliuona uso wake, nikaujua: ndio wangu wa siku ile. Alikuwa amelelewa na watu kama mimi.

"Rudi ukae, mwanangu," nikamwambia. "Hujakosa kitu. Barua niwaandikie akina nani?"

Alilia kwanza. Kisha akanitajia majina matatu.